Kioo cha Tatu cha Dereva

Nianze kwa kukiri kwamba nimechoka na magari. Nimechoka na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, nimechoka na taa za njano zinazowaka kwenye dashibodi bila kusema zinataka nini, na nimechoka na fundi anayefungua boneti, akatikisa kichwa na kuuliza nani alinitengenezea hivi, hali aliyetengeneza ni yeye mwenyewe mwezi uliopita. Kila nikichoka hivyo namkumbuka Dereva. Hicho kidogo ninachokijua kuhusu gari nilikipata kwake, na hata uchovu wangu kwa sehemu ni wake.

Mtaani kwetu Tegeta wapo watu wengi wanaoendesha vitu vya kila aina, lakini ukisema Dereva amepita, hakuna aliyeuliza yupi. Aliendesha magari ya serikali mpaka akastaafu, akanunua pikapu nyeupe, akahamia jirani yangu ukuta kwa ukuta. Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake, sikuwahi kumuuliza. Yeye mwenyewe akisimulia maisha yake aliyapanga kwa magari. Mtoto wa kwanza alizaliwa enzi za basi dogo la bluu, wa pili enzi za lile gari refu lililokuwa likila oili, na msiba wa mama yake ulitokea alipokuwa Dodoma akisubiri gia boksi.

Nataka kueleza jinsi alivyokuwa, ila siwezi kufanya hivyo bila kusema tulichomfanyia. Mwaka mzima tulijua kwamba macho ya Dereva yamekwisha na bado anaendesha, na hakuna aliyemwambia. Katika mtaa huo huo kuna chekechea. Lilikuwa jambo la kuua mtu, nasi tuliliita heshima. Nitalifikia.

Asubuhi ya kwanza baada ya gari langu dogo la mtumba kulala nyumbani, alibisha hodi kabla sijapiga mswaki. Mkononi alishika boksi la katoni lililokunjuliwa. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa ameshainama, analisukuma boksi chini ya injini. Akanieleza kwamba niliweke hapo kila jioni na nilisome kila asubuhi kabla ya kuwasha. Tone jeusi ni oili. Jekundu ni la gia boksi au la usukani. La kijani ni maji ya rejeta. Maji matupu ni ya AC, hayo niyaache yadondoke.

"Gari haifi ghafla, mwalimu," aliniambia. "Inaaga. Nyie ndo hamuitikiagi."

Nikaja kugundua kwamba maboksi hayo aliyagawa mtaa mzima, na kila asubuhi aliyapitia kama mkaguzi wa shule anavyopitia maandalio ya masomo. Hakumstahi mtu. Bwana mmoja wa mwisho wa mtaa, mwenye gari linalong'aa na wageni wake wa heshima barazani, aliambiwa mbele yao wote kwamba gari lake linavuja tangu Jumanne na yeye anapaka manukato. Yule bwana alinuna wiki nzima. Wiki iliyofuata gari lilimzimikia Mwenge, akarudi kwa miguu yake mwenyewe kumuuliza Dereva afanye nini.

Ushauri wake haukuwa wa kusifia. Mtu akiweka mguu kwenye klachi muda wote alimwambia aushushe, hapo si barazani kwake. Tairi alilibonyeza kwa kidole, akautafuta umri wake pembeni, akasema tairi nalo huzeeka hata likikaa stoo. Upepo alitaka upimwe alfajiri, kabla lami haijapata moto. Mvua ikinyesha na barabara ikageuka mto, alitukataza kufuata gari lililotangulia, kwa sababu mwenye gari refu hana habari na wewe uliye chini. Ile methali ya haraka haraka haina baraka hakuipenda kabisa. Alisema watu wanaitaja wakiwa tayari wamechelewa, na mwenye haraka dawa yake ni kuondoka mapema.

Siku gari langu lilipochemsha pale kituo cha Africana, saa saba mchana, nilimpigia simu. Watu walishajaa. Mmoja alitaka kufungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, mwingine ana ndoo ya maji baridi. Dereva aliniuliza tu kama gari bado linaunguruma. Nikasema ndiyo. Akaniambia nizime AC, niwashe hita mpaka mwisho, nifungue madirisha, na mtu yeyote asiguse mfuniko huo. Hita, Dar es Salaam, saa saba mchana. Nilikaa mle ndani nikitokwa jasho mpaka kwenye viatu, wale wasamaria wakinitazama kama mtu aliyepandwa na wazimu, na mshale wa joto ukashuka taratibu. Aliponipokea nyumbani hakunipa hata pole. Aliuliza mara ya mwisho lini niliangalia maji.

Baadaye ikajulikana fundi mmoja alikuwa ameing'oa thamostati, kile kidude kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto lake. Hapa mjini wengi huing'oa na kuitupa, wakisema ni ya nchi za baridi. Dereva aliitafuta nyingine akairudisha mwenyewe, huku akinung'unika kwamba jua la Dar liko nje ya boneti na injini ina joto lake inalolitaka. Ndiye pia aliyenifundisha kuendesha, kwenye ile pikapu yake ya gia za mkono, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya chekechea. Nilizima injini mara nyingi kiasi kwamba watoto walizoea kutoka kuhesabu.

Wala hakuwa malaika. Alitukataza kuendesha na ndala, lakini yeye aliendesha peku, akidai nyayo zake zinasikia. Aliwaita mafundi waongo wote, kisha akashinda nao kutwa chini ya turubai la fundi wa kona, anakunywa kahawa na kuwakosoa. Alisisitiza kwamba gari likizeeka liuzwe kabla halijakuaibisha, na pikapu yake ilikuwa ya zamani kuliko baadhi ya waume wa mtaa huu. Mkewe, mama mpole mwenye maradhi ya sukari, alikuwa akicheka kimya kimya akiyasikia hayo. Kila Jumatatu Dereva alimpeleka kliniki, naye alikaa pembeni ya dirisha na kadi yake mapajani, amevaa vizuri utadhani anakwenda harusini.

Sasa nije kwenye macho.

Bodaboda ilikaribia kumgonga mtoto nje ya chekechea, tukaitana kikao, tukachangishana saruji, na Jumamosi moja tukajenga tuta wenyewe. Huo ndio ugonjwa wetu wa Dar: kila mtaa una matuta yake, kila mtu anajenga la kwake, na rangi ni ya siku nyingine. Jumapili yake nilikuwa natoka kanisani kwa miguu nilipoiona pikapu nyeupe inakuja kwa mwendo wake wa kila siku. Haikupunguza. Ilipanda lile tuta, ikaruka, na tairi la spea likatoka nyuma likabingirika mpaka mtaroni. Dereva alishuka akiwaka. Akatuuliza ni watu gani hawa wanaojenga tuta bila kulipaka rangi, akatueleza upana unaotakiwa na urefu unaotakiwa, nasi tukasimama pale na nguo zetu za kanisani, tukamwomba radhi.

Kesho yake tulilipaka rangi nyeupe, tena mara mbili. Wiki iliyofuata akaliruka tena vilevile.

Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Nilikumbuka kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa haangalii tena maboksi yetu. Alichovya kidole kwenye tone, akakisaga kwa dole gumba, akanusa, ndipo akataja rangi. Mimi nilidhani ni utaalamu umezidi. Nilikumbuka pia anavyonisubiri nisalimu kwanza ndipo aniite mwalimu. Matuta ya zamani yote aliyajua kwa moyo, kila shimo toka kwetu mpaka Kibaoni alilijua, na ndiyo maana hatukuona. Tuta jipya ndilo lililomuumbua.

Na tulipojua tukafanya nini? Tukamstahi. Bodaboda wa kijiweni wakisikia mlio wa pikapu walisogea ukutani na kusimama. Akina mama waliita watoto ndani. Mwalimu wa chekechea alihamisha saa ya mapumziko, kwa sababu Dereva alikuwa na kawaida ya kutoka saa nne. Mtaa mzima ulijifunza kukwepa kwa niaba yake, na hakuna kikao kilichoitishwa kuamua hivyo. Mimi mwenyewe nilihamisha gari langu kutoka nje ya geti, nikamwambia nimefanya hivyo kwa sababu ya jua.

Yeye naye alikuwa akihangaika na tatizo hilo hilo, ila alilitafuta kwenye gari. Mganga hajigangi. Kwanza alisema taa za mbele zimefifia, fundi wa kona akazing'arisha, kisha akabadilisha globu. Dereva akasema bado. Akabadilishiwa waipa kwa kuwa zinachafua kioo. Akabadilishiwa kioo cha mbele kwa kuwa kimechubuka, na kweli kilikuwa na mikwaruzo kidogo, kama vyote. Kioo cha pili akasema kina ukungu ndani kwa ndani. Nilimuuliza fundi kwa nini anaendelea kumfungia vioo mzee wa watu. Fundi alishusha macho, akaniuliza yeye ni nani mpaka amwambie mzee aliyemfundisha kazi kwamba macho yake ndiyo mabovu. Nami nilikuwa na ulimi kama yeye, na nilikuwa nimeufunga.

Kisha ikaja siku ya meza. Mama anayeuza vitumbua kwenye kona amekaa sehemu ile ile kwa miaka. Pikapu ilikata kona, ikachukua mguu wa meza, na kikaango cha mafuta ya moto kikamwagika barabarani. Mama alikuwa amegeuka kuchukua sahani, hatua moja tu. Dereva aliteremka, akamfokea kwa kuweka biashara barabarani. Yule mama aliyatazama mafuta yanavyochemka kwenye mchanga, akamtazama mzee, akasema, "Samahani baba, nitasogea."

Akasogea kweli. Nililiona hilo na nikaona aibu ambayo haijanitoka hadi leo. Aliyekosewa aliomba radhi na kuhama.

Jioni hiyo mkewe alinijia. Hakuketi. Alisema mumewe hamsikilizi yeye, watoto wako mbali na kwenye simu anawadanganya, lakini mimi mwalimu hunisikiliza kidogo. Akaniambia kwamba Jumatatu wakienda kliniki ni yeye anayemwambia kushoto, kulia, simama, polepole, naye Dereva hujifanya kukasirika kwamba mwanamke anamwelekeza, huku anafuata kila neno. Alisema kwamba anaogopa, lakini akikataa kupanda, mume wake ataenda peke yake bila wa kumwelekeza. Nilimwahidi nitazungumza naye. Wiki mbili zikapita. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nilikuwa na mafua, nilikuwa na kila kitu isipokuwa ujasiri.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa, ilikuwa Jumatatu asubuhi, nami nilikuwa nafua uani. Aliniita kutoka getini. Nilipomsalimu shikamoo aliitikia marahaba kwa haraka, akasema ananihitaji kwa ushahidi. Fundi wa kona amemtapeli. Kioo cha tatu kimefungwa Ijumaa, na ni feki, hakipitishi mwanga sawasawa. Amevumilia vya kutosha. Leo anakwenda kwa mjumbe ili yule fundi aondolewe na turubai lake, lakini mzee mwenye akili hapeleki shauri bila shahidi aliyesoma.

Nilimfuata huku natiririka povu mikononi. Pikapu ilikuwa imeelekezwa barabarani, geti liko wazi, mkewe ameshakaa ndani pembeni ya dirisha na kadi yake. Alinitazama mara moja tu, kisha akaangalia kadi. Dereva alinifungulia mlango wa kulia.

"Kaa hapo," akasema. "Usinitafutie maneno. Niambie unachoona tu."

Nikakaa. Kioo kilikuwa safi kama hewa. Niliona mtaa mzima mpaka kwenye lami. Ningeweza kusema kweli kina ukungu kidogo, baba, na fundi angefungasha spana zake, na saa nne pikapu ingetoka kama kawaida. Nakiri kwamba neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikaliona lile jiko la vitumbua, lilipohamia, karibu kabisa na mtaro.

"Namwona mama vitumbua," nikasema. "Amevaa kilemba cha kijani. Anahesabu sahani."

"Endelea."

"Kuna bajaji imesimama kwenye duka. Nyuma imeandikwa Bado Tupo. Ukutani kwa jirani wa nne wameandika nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli. Herufi ya mwisho imefutika."

Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Alisogeza uso karibu na kioo kutoka nje, halafu akaurudisha nyuma.

"Na lile tuta?"

"Naliona."

"Siku likipakwa rangi nitawashukuru," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kupungua.

"Limepakwa, baba. Nyeupe. Lilipakwa siku ya pili yake."

  Bodaboda mmoja alipita, akapunguza mwendo alipoiona pikapu, akasogea ukutani bila kuambiwa, na nadhani hata hilo Dereva alilisikia kwa mara ya kwanza jinsi lilivyo.

"Kioo ni kizima," nikasema. Nilikuwa nalia na sikujali. "Na kile cha pili kilikuwa kizima. Ni macho, baba."

"Mmejua lini?"

"Tangu siku ya tuta."

"Wewe na nani?"

"Mtaa mzima."

Alitikisa kichwa polepole. Nilitegemea afoke, na ningeshukuru kama angefoka.

"Mie nikikuta gari yako inavuja," aliniuliza, "huwa nakustahi?"

Nilisema hapana. Nikajaribu kueleza, nikasema tulimheshimu, nikasema tuliogopa kumvunja moyo. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli na hayakuwa na kazi tena. Aliyasikiliza mpaka yakaisha. Kisha akasema tu kwamba alitaka kumfukuzisha bure yule mtoto wa watu, fundi, na kwamba alimfokea bure mama wa vitumbua. Akawataja mara mbili, fundi na mama wa vitumbua, kama mtu anayejitwisha mzigo huku akiupima.

Mkewe akasema kwa upole kwamba saa ya kliniki inafika.

Alizunguka mbele ya pikapu akiwa ameweka kiganja juu ya boneti, hakukinyanyua mpaka alipofika upande wa pili. Mkewe aliteremka kumpisha. Dereva akaingia, akajisogeza mpaka katikati, kwenye nafasi ile nyembamba ambako fimbo ya gia iko baina ya magoti. Mkewe akarudi dirishani. Nilijifuta mikono kwenye kanga niliyojifunga kiunoni. Funguo alizitoa mfukoni, akanyoosha mkono hewani upande wangu, nikazipokea.

Miaka mingi sikuwa nimeendesha gia za mkono. Nilitoka getini kwa kigugumizi, nikawapita bodaboda waliosimama ukutani wakitushangaa, nikampita mama wa vitumbua, na Dereva akaniomba nisimame hapo. Alimsalimu kwa kupitia dirisha la mkewe, akamwambia arudishe meza yake pale ilipokuwa. Mama hakuelewa, akaitikia haya baba. Tukaondoka.

 Barabarani nilimwona ameinamisha kichwa, nikadhani amelala au analia. Lakini kila nilipopeleka mkono kwenye gia, goti lake lilikuwa limeshasogea kunipisha, hata kabla mkono haujatoka kwenye usukani. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Mara ya pili, ya tatu, nikaelewa kwamba anasikiliza injini, na anajua kabla yangu inataka nini. Tukaenda hivyo, yeye na masikio yake, mimi na macho yangu, mkewe na kadi.

Karibu na Kibaoni foleni ilifunguka. Goti lake likasogea. Mimi nilikuwa nimezama kwenye mawazo, nimekodoa macho kwenye namba ya lori lililo mbele, na injini ikawa inalalamika. Akasubiri. Halafu akasema, taratibu kabisa, bila kunistahi:

"Gia, mwalimu."

Nikabadili.